Mtoto Akisongwa na Mawazo

Somo letu la safari hii lahusu jambo ambalo kila mmoja wetu amelionja, ingawa wachache walilitambua lilipowapata. Jambo lenyewe ni msongo wa mawazo kwa watoto: jinsi ya kuujua na jinsi ya kuupunguza.

Tuanze na neno lenyewe. Msongo latokana na kitendo kusonga. Mpishi husonga ugali, au posho kama tuiitavyo hapa kwetu: hutia unga katika maji yachemkayo, akaukandamiza kwa mwiko, akaugeuza, akaukandamiza tena, hata ukawa mgumu. Kadhalika watu wakisongamana mlangoni hubanana, hata pumzi ikawa haba. Basi mwenye msongo wa mawazo ni mtu ambaye mambo yamembana pande zote, hata akili yake ikakosa nafasi ya kugeuka. Waganda wana neno lao, okweraliikirira, yaani kuwa na wasiwasi mwingi.

Wako watu wasemao, "Mtoto ana mawazo gani? Halipi kodi ya nyumba, wala hatafuti ada ya shule." Wasemao hivyo wamesahau utoto wao. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa mmoja wa wasemaji hao, na kabla ya kuwafundisha ninyi, yanipasa niwasimulie kosa langu.

KOSA LANGU

Ukitaja jina la Luzira mahali po pote katika Uganda, msikiaji hudhani unataja gereza. Ndivyo ilivyo tangu gereza kuu lilipojengwa kilimani kwetu katika miaka ya 1920. Sisi tukaao hapa tumezoea. Tuna bandari yetu ya Port Bell, tuna masoko, tuna makanisa na misikiti. Lakini mzaha wetu mkubwa ni wa gereza. Mtu akichelewa kulipa deni huambiwa, "Utahamia kule juu." Nami darasani nilikuwa na mzaha wangu. Mwanafunzi akikosa hesabu nilimwambia, "Asiyesoma atahamia kwa jirani." Darasa zima lilicheka, nami nikafurahi kuwa mwalimu mcheshi.

Katika muhula wa pili wa mwaka 2023 kijana mmoja wa Kidato cha Pili alianza kubadilika. Jina lake silitaji, na mambo madogo nimeyageuza ili asijulikane. Mwenyewe ameniruhusu kuyaandika haya. Alikuwa na umri wa miaka 14, mpole, hodari wa hesabu. Mara akaanza kusinzia kipindi cha kwanza. Kila Jumatatu alishikwa na tumbo. Mwandiko wake uliokuwa mzuri ukawa kama nyayo za kuku. Akamsukuma mwenzake kwa sababu ya kalamu tu. Mimi nikakata shauri kwamba amepata marafiki wabaya. Nilimtoa nje mara mbili, na mara ya tatu nikampa kazi ya kufyeka majani nyuma ya jiko, alasiri nzima. Alifyeka bila kusema neno. Jambo hilo nililiona kiburi.

Siku iliyofuata mwenzake alinijia chumba cha walimu. Alisimama kitambo akiutazama mlango, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, baba yake yuko kule juu." Akaelekeza kidevu chake kilimani.

Baba yule alikuwa rumande kwa wiki sita wakati huo, akingoja kesi. Mama aliwaonya watoto wamwambie kila aulizaye kwamba baba amesafiri kwenda Juba kufanya kazi. Basi kijana yule kila asubuhi alipita njia aonapo kuta za gereza, akaingia darasani, akanisikia nikisema, "Asiyesoma atahamia kwa jirani," na ilimbidi acheke pamoja na wengine, maana asipocheka wangemshuku.

Ndipo nilipojua ya kuwa sikuwa nikimfundisha kijana yule. Nilikuwa nikiongeza unga katika sufuria iliyokwisha kuwa nzito.

MSONGO HUFANYA NINI MWILINI?

Yafaa tujue kwamba msongo si jambo la fikira tu. Ni kazi ya mwili hasa. Tuseme unatembea jioni kuelekea Port Bell, mara mbwa mkali anakurukia kutoka uani. Kabla hujafikiri lo lote, moyo wako umekwisha kwenda mbio. Sababu yake ni hii: juu ya kila figo iko tezi ndogo. Ubongo ukiona hatari huziamrisha tezi hizo, nazo humwaga katika damu maji yaitwayo adrenalini. Moyo hupiga upesi, pumzi huongezeka, damu hukimbilia misuli ya miguu na mikono, na tumbo husimamisha kazi yake kwa muda. Mwili umejiweka tayari kupigana au kukimbia. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1915.

Ikiwa hatari haiondoki, tezi zile hutoa kitu cha pili, kotisoli, ambacho hutoa sukari iliyo akiba mwilini ili mtu apate nguvu za kuendelea. Hili nalo ni jema kwa muda mfupi. Taabu ni pale mbwa asipoondoka. Mnamo mwaka 1936 Hans Selye, mtaalamu aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi Montreal katika Kanada, alieleza jinsi panya walivyopatwa na taabu za namna mbalimbali: baridi, majeraha, kazi ya kupita kiasi, sumu. Taabu zilikuwa mbalimbali, lakini madhara mwilini yalifanana. Mojawapo lilikuwa vidonda vya tumbo. Hapo twajifunza kwamba mwili hauulizi msiba umetoka wapi. Mtihani, njaa, ugomvi wa wazazi, aibu: yote hugonga mlango mmoja.

Wataalamu wa siku hizi huugawa msongo wa watoto katika mafungu matatu. La kwanza ni msongo wenye manufaa, kama ule wa kusimama mbele ya darasa kusoma shairi, au kungoja filimbi ya mpira. Huja, hupita, na mtoto hukua. La pili ni msongo mzito unaovumilika, kama kufiwa au kuhama nyumba, iwapo yupo mtu mzima wa kumshika mkono mtoto. La tatu ni msongo wenye sumu: taabu kubwa, ya muda mrefu, na mtoto yu peke yake ndani yake. Huo huharibu usingizi, hudhoofisha kumbukumbu, na huweza kuacha alama hata utu uzima.

Sasa angalieni neno moja hapo. Tofauti ya fungu la pili na la tatu si ukubwa wa mzigo peke yake. Tofauti ni kama mtoto ana mtu au hana. Neno hili ndilo kiini cha somo letu.

DALILI ZAKE

Mtoto hatakuja kukuambia, "Mwalimu, nina msongo wa mawazo." Huenda hana maneno ya kusema hivyo. Mwili wake na mwenendo wake ndio husema. Dalili hubadilika kwa umri.

Mtoto mdogo, aliye chini ya miaka 6, hurudi nyuma. Aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyekuwa akicheza mbali na mama hung'ang'ania nguo yake. Huota ndoto mbaya, hulia bila sababu ionekanayo, au hunyonya kidole.

Mtoto wa shule ya msingi huumwa tumbo au kichwa, hasa asubuhi ya kwenda shule, na maumivu hupungua aambiwapo abaki nyumbani. Hukasirika upesi, hupoteza vitu, husahau aliyokuwa akiyajua, huacha michezo aliyoipenda.

Kijana wa sekondari hujifungia. Huacha rafiki zake, hulala mno au hakosi kukesha, hula kupita kiasi au hugusa chakula tu. Alama zake hushuka. Wengine huwa wakali, wengine huanza pombe, na wengine husema maneno kama, "Hata nisipokuwapo nani atajali?" Maneno hayo usiyapuuze kamwe; nitayarudia baadaye.

Hapa yapasa tahadhari mbili. Kwanza, mtoto mwenye tumbo, kichwa na uchovu apelekwe kupimwa. Katika nchi yetu huenda ni malaria, au minyoo, au macho yasiyoona ubao vizuri. Si haki kumwambia mgonjwa wa malaria kwamba ana mawazo. Pili, dalili moja ya siku moja si kitu. Hata mwalimu huamka na hasira. Tafuta badiliko. Mtoto aliyekuwa hivi, sasa amekuwa vile, na hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi: hapo uliza.

Kijana wangu alikuwa na badiliko mara nne: usingizi, tumbo, mwandiko, na hasira. Nililiona kila moja, nikaliadhibu kila moja peke yake. Sikuyajumlisha, ingawa mimi ni mwalimu wa hesabu.

YATOKAKO

Visa vya mtoto ni vingi, lakini hapa kwetu baadhi hujulikana zaidi.

Kimoja ni mitihani. Mtoto wa darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kijiji kizima hungoja alama zake. Kisha hufuata mtihani wa Kidato cha Nne, na wa Kidato cha Sita. Bidii ni njema. Walakini mtoto aelezwapo kwamba heshima ya ukoo mzima i juu ya kalamu yake, kalamu huwa nzito.

Kingine ni ada. Mtoto atolewapo mbele ya wenzake kwa kuwa hajalipiwa, huaibika kwa deni ambalo si lake. Kingine ni ugomvi wa nyumbani, au kifo, au mzazi aliyeondoka bila kuaga.

Halafu kuna misiba ya watu wote. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na ijapokuwa baadhi ya madarasa yalirudi katikati, hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Mwezi wa Mei 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda kupita kipimo kikubwa cha mwaka 1964, nayo makao ya kando ya ziwa yakafurika. Wako wanafunzi waliorudi madarasani wakiwa wamezidi umri wa darasa lao, wengine wakiwa wamefanya kazi za watu wazima, wengine wamefiwa. Walirudi na vitabu vyao, lakini si vitabu tu walivyovibeba.

NAMNA YA KUMSAIDIA

Kwanza, umwulize faraghani, na umsikilize. Usimwulize mbele ya watu, wala usianze na "Kwa nini?" kama polisi. Sema uliyoyaona: "Nimeona siku hizi husinzii usiku vizuri. Mimi nipo." Kisha nyamaza. Asipojibu leo, usimkamue. Rudi kesho kutwa.

Katika jambo hili liko jaribio lililofanywa Kaskazini mwa nchi yetu. Mwaka 2005, katika kambi mbili za watu waliokimbia vita, wataalamu walichukua vijana 314 wa Kiacholi, wenye umri wa miaka 14 hadi 17. Baadhi yao waliwekwa katika vikundi vya kuzungumza taabu zao mara moja kwa wiki, muda wa wiki 16. Wengine walipewa michezo na sanaa, na wengine walingoja zamu yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Waliozungumza walipungukiwa na huzuni kuliko waliongoja. Lakini nafuu hiyo ilikuwa dhahiri kwa wasichana. Kwa wavulana haikuonekana wazi.

Nasi wanaume tulifikiri jambo hilo. Mvulana wetu hufundishwa tangu utotoni kwamba machozi ni ya wasichana. Akianguka huambiwa, "Simama, wewe mwanaume." Basi afikapo miaka 14 amekwisha jifunza kumeza. Mimi nimeona kwamba mvulana ukimketisha mbele yako na kumwambia, "Haya, sema," hufunga mdomo kama kobe. Mpe kazi ya mikono, nanyi mfanye bega kwa bega, macho yenu yakitazama kazi. Maneno hutoka yenyewe.

Pili, umrudishie utaratibu. Mtoto ambaye mambo yake yamevurugika hupata nguvu kwa mambo madogo yasiyobadilika: kula saa ile ile, kuoga, kulala, kuamka. Usingizi hasa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10. Fanyeni hesabu wenyewe: mwanafunzi anayelala saa 5 usiku na kuamka saa 10 alfajiri amepata saa ngapi? Tano tu. Tena twashangaa kwa nini anasahau.

Tatu, mwili upewe nafasi ya kumfukuza yule mbwa. Adrenalini iliwekwa kwa ajili ya kukimbia. Basi na akimbie. Mpira, kuruka kamba, kuogelea panapo usalama, kucheza ngoma, hata kufagia uwanja pamoja na wenzake akipenda, huushusha msongo. Kuna na zoezi la pumzi ambalo laweza kufanywa hata katika chumba cha mtihani: vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu mpaka 6, urudie mara kumi. Pumzi itokayo polepole huuambia moyo upunguze mwendo.

Nne, kazi kubwa igawanywe. Mwanafunzi aliyebaki nyuma mada nane huona mlima. Mpe mada moja, robo ya daftari, leo. Kesho nyingine.

Tano, mtoto aambiwe kweli kwa kadiri ya umri wake. Wazazi wengi huficha msiba wakidhani wanamlinda. Mtoto huona mlango uliofungwa, husikia minong'ono, na hujijazia mengine mabaya kuliko yale ya kweli. Mara nyingi hudhani kosa ni lake. Sentensi mbili za kweli zafaa kuliko uwongo mrefu, hasa uwongo ambao mtoto mwenyewe alazimishwa kuubeba.

YASIYOFAA

Usimlinganishe na mwingine: "Tazama mtoto wa fulani." Usimwambie, "Hayo si kitu, mimi nilipokuwa na umri wako nilitembea maili tisa." Usiitoe siri yake katika chumba cha walimu. Wala usidhani fimbo itaondoa mawazo. Najua mtanikumbusha methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli kwa mtoto mtundu aliyeachwa bila maonyo. Haikusema mtoto aliyevunjika mguu apigwe ili atembee. Tena Sheria ya Watoto ya Uganda, ilivyorekebishwa mwaka 2016, yakataza viboko shuleni.

MSAADA MKUBWA ZAIDI

Kuna mambo ambayo mwalimu au mzazi hayawezi peke yake. Mtoto akizungumza juu ya kufa au kujiumiza, akikataa chakula siku nyingi, akisikia sauti zisizokuwapo, au ukijua kwamba anapigwa au anaharibiwa na mtu, usingoje wiki mbili. Tafuta msaada siku hiyo hiyo, wala usimwache peke yake. Nambari ya simu ya watoto ni 116, nayo hailipiwi. Nambari hiyo hiyo hutumika Uganda, Kenya na Tanzania. Kisha kiko kituo cha afya kilicho karibu, na iko hospitali ya Butabika.

Hapa ndugu zangu twafika kwenye mzaha wetu wa pili. Hospitali ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955, nayo ni hospitali kuu ya taifa kwa magonjwa ya akili. Ni jirani yetu hapa. Ina madaktari, ina wauguzi, na watoto hutibiwa humo. Lakini sisi tumelifanya jina lake kuwa tusi. Mtu akivaa shati kinyume tunasema, "Mpelekeni Butabika." Mtoto asikiaye maneno hayo kila siku, je, siku akili yake itakapomwuma atakubali kupelekwa huko? Mzazi wake atakubali? Hatakubali. Atangoja mpaka jambo liharibike, kama wasemavyo wahenga: mficha maradhi, kifo humwumbua.

Basi Luzira tumepewa majirani wawili, gereza na hospitali, na kila mmoja tumemfanyia mzaha. Mizaha yenyewe haina nia mbaya. Lakini katika darasa la watoto 60 huenda yupo mmoja ambaye mzaha wako umemfunga mdomo, na huwezi kumjua kwa sura, kwa maana yeye pia anacheka.

MWISHO WA KISA

Niliacha mzaha wangu. Sikutangaza, niliacha tu. Kisha nikamwomba kijana yule anisaidie kupanga vitabu katika stoo kila Ijumaa baada ya masomo. Ijumaa ya kwanza tulipanga vitabu. Ijumaa ya pili tulipanga vitabu. Ijumaa ya tatu, akiwa juu ya kiti, mgongo wake ukinielekea, aliuliza, "Mwalimu, mtu akiwa rumande, watoto wake waweza kwenda kumwona?" Nikamjibu ya kuwa nitauliza. Halafu nikamwambia, "Nisamehe kwa ule mzaha wangu." Akakaa kimya, akapangusa kitabu kimoja muda mrefu kuliko vumbi lake. Akasema, "Nilidhani mwalimu unajua, ndiyo sababu unasema."

Maneno hayo sijayasahau.

Nilizungumza na mama yake kwa idhini yake mwenyewe kijana. Mama alilia, kisha akawaita wadogo wote akawaambia kweli. Mwezi uliofuata walikwenda pamoja kumwona baba. Kesi haikwisha muhula ule, wala uliofuata. Mzigo ulibaki pale pale, na alama zake za hesabu zilipanda kwa kusuasua. Lakini tumbo la Jumatatu lilikoma, na usingizi wa asubuhi ukapungua. Sikumwondolea kijana yule taabu yake, maana sikuwa na uwezo. Alichopata ni mtu wa kumwambia.

Ninyi wanafunzi msidhani kazi hii ni ya walimu tu. Kumbukeni aliyenifumbua macho alikuwa mwenzake wa darasa, mtoto wa miaka 14, aliyejua siri ile, akaitunza mpaka alipoona rafiki yake anaangamia, ndipo akampelekea mtu mzima. Hiyo siyo fitina. Nanyi wanafunzi wa zamani, jioni ya leo mrudipo nyumbani, kabla ya kuuliza, "Umepata ngapi?" jaribuni kuuliza, "Siku yako ilikuwaje?" Kisha ngojeni jibu.

MASWALI

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini tumbo huuma mtu aonapo hofu.
2. Taja tofauti kati ya msongo unaovumilika na msongo wenye sumu.
3. Mwenzako amebadilika kwa wiki tatu: hachezi tena, wala hali pamoja nanyi. Utamwambia nini, na utamwambia wapi?
4. Fikiria mzaha mmoja utumiwao sana darasani kwenu. Ni nani aweza kuumizwa nao bila kusema?